Shahidi Anayesimama

Nilianza kugundua kwa chumvi. Asubuhi ambazo kifua changu kiliamka kikipiga filimbi, maharage yangu yalitiwa chumvi mara mbili, au hayakutiwa kabisa. Asubuhi ambazo nilikuwa nimelala bila kukohoa, chumvi ilikaa sawa. Mama alionja, akaniangalia, akasema, "Leo kichwa umekiacha wapi, Yunis?" Sikumjibu, maana mimi si mtu wa kujibu. Lakini nilianza kuhesabu kimoyomoyo, na baada ya mwezi mmoja nikawa na hakika kwamba kichwa changu hakipotei hovyo. Kinapotea pamoja na pumzi.

Sikumwambia mtu. Kijijini kwetu, juu ya Mlalo, habari ya kichwa changu ilikwisha kuamuliwa zamani. Niliachia shule darasa la tano. Mwalimu Nikodemo, aliyetufundisha hesabu, alikuwa akiniita ubaoni asubuhi za ukungu, baada ya mimi kupanda kilima kile cha shule nikikimbilia kengele, nami nilifika ubaoni nikiwa sijui hata chaki ni ya nini. Siku moja alikuja nyumbani akamwambia mama, kwa upole kabisa, "Mtoto ana adabu, ila hashiki kitu. Afadhali akusaidie shamba." Mama akanipa jembe. Sasa nina miaka ishirini na mbili na jembe bado ninalo.

Shamba lenyewe linaanzia kijitoni na kupanda mlima mpaka kwenye miti ya miwati. Katikati yake kuna chemchemi ndogo isiyokauka hata kiangazi kikali. Maji yake ndiyo kabichi zetu, ndiyo karoti zetu. Bila hayo tungekuwa watu wa kuangalia mawingu. Baba alipofariki, mdogo wake, baba mdogo Clemence, alikaa kimya mwaka mmoja na nusu. Kisha akasema mpaka wetu haupindi kuizunguka chemchemi. Akasema unakwenda moja kwa moja kutoka kijitoni mpaka juu, kwa hiyo chemchemi iko upande wake. Akaanza kulima pale, akapanda viazi. Mama akapeleka shauri kwenye baraza la ardhi la kijiji, na baraza likauliza swali moja tu: nani alionyeshwa mpaka?

Nilionyeshwa mimi.

Kwetu mzee anapogawa shamba humtembeza mtoto mdogo mpakani, kwa sababu mtoto ndiye atakayewazika wote waliokuwepo. Babu yangu aliwagawia wanawe wawili shamba lake nilipokuwa na miaka minane. Alinishika mkono tukaanzia kijitoni. Kwenye kila alama alisimama, akataja jina la mahali, akanifinya sikio kidogo ili lisisahau. Alama zilikuwa sita. Nyingine zilikuwa mawe, nyingine mashina ya masale, ule mmea wa majani marefu ambao hapa kwetu ukiuona mpakani hutakiwi kuugusa. Mwaka uliofuata babu akafa. Kisha baba akafa. Mama ni mtu wa kuolewa tu kwenye ukoo, siku ile hakuitwa mpakani, hakuonyeshwa kitu.

Lakini kuonyeshwa hakutoshi. Shahidi wa mpaka hakai kwenye kiti akasimulia. Anatembea. Anaanzia chini, anapanda, anataja kila alama akiifikia, na haruhusiwi kusimama njiani. Wazee husema aliyeona kwa macho yake, miguu inamkumbusha. Anayesimama anatunga.

Mara ya kwanza nilitembea bila kusimama.

Ilikuwa Juni, ukungu umelala bondeni, na jirani alikuwa amechoma magugu jana yake, moshi bado unafuka. Baraza zima lilikuja, watu saba, na nyuma yao nusu ya kijiji. Mwenyekiti wa baraza ni Mwalimu Nikodemo, siku hizi amestaafu, anatembea na fimbo. Niliposema "shikamoo Mwalimu" sauti yangu ilitoka kama ya kuku.

"Marahaba, Yunis. Anza, binti. Usiogope."

Alama ya kwanza nilitaja. Ya pili, jiwe lenye shimo kama bakuli, nilitaja. Ya tatu nilitaja nikiwa tayari nasikia filimbi kifuani. Mlima wa pale ni mkali, mtu mzima anaupanda akishika magoti. Nilipofika ya nne sikuwa na hewa tena. Niliona mashina ya masale, nikayajua kwamba ni masale, lakini jina la mahali halikuja. Nilitafuta jina nikakuta pamefutwa, kama ubao. Nikasema la tatu tena. Kisha nikamgeukia Mwalimu Nikodemo, nikamwita "babu".

Watu walicheka. Si wote, lakini walitosha.

"Huyo ndiye shahidi wenu?" Baba mdogo Clemence aliwauliza wajumbe, wala hakuwa na hasira, alikuwa anatabasamu. "Darasa la tano lilimshinda, wagosi, wazee wangu. Mtu ameshindwa kuhesabu maembe ya kwenye picha, leo ahesabu mipaka yangu?"

"Clemence, nyamaza," alisema mama Paskalina, mjumbe mmoja, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya. Lakini hata yeye hakuniangalia usoni.

Nilikaa chini kwenye majani nikivuta hewa kwa mabega. Mwalimu Nikodemo aliandika kitu kwenye daftari, akasema baraza litakaa tena baada ya wiki tatu, na kama upande wetu hauna shahidi mwingine, mpaka utasomwa kama Clemence anavyosema.

Tulipofika nyumbani mama hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza. Alinipa uji, akasema, "Tuwaachie, mwanangu. Nitalima huku juu. Sitaki wakucheke mara ya pili."

"Huko juu hakuna maji, mama."

"Najua."

"Basi sitaki."

Mama aliniangalia kama mtu aliyesikia mbuzi wake akisema. Kwa kweli sikumbuki kama niliwahi kumwambia "sitaki" kabla ya siku ile.

Asubuhi yake nilishuka zahanati. Muuguzi anaitwa Hadija, ni mtu wa Lushoto mjini, anaongea haraka na haogopi kumuuliza mtu chochote. Aliniwekea kile chombo chake baridi mgongoni, akasikiliza, akakunja uso.

"Una pumu tangu lini?"

"Tangu utoto. Nyumbani tunasema kifua."

"Na dawa?"

Nilimwonyesha pampu ya bluu niliyopewa mwaka juzi. Aliitikisa akacheka. "Hii bado imejaa. Unaitumia au unaitunza kama picha ya harusi?"

Nikamwambia ukweli. Mama aliificha kabatini, tunaitoa pale tu ninapokaribia kufa, kwa sababu kila mtu anajua kwamba ukiizoea pampu mwili unakuwa mtumwa wake.

"Nani huyo kila mtu?" Hadija aliuliza. "Mlete nimpime yeye."

Ndipo nilipomwambia habari ya chumvi. Nilisema nikiangalia sakafu. Nilimwambia pia habari ya ubao, na ya mpaka, na jinsi jina la mahali lilivyofutika nikiliangalia. Nilitegemea aseme niwe makini zaidi, kama wanavyosema wote. Hakusema hivyo. Alivuta kiti akakaa mbele yangu.

"Sikiliza. Ubongo ni mlafi wa hewa kuliko kiungo chochote. Kifua kikibana sana, hewa inaweza kupungua, na hata isipopungua sana, mwili mzima unashughulika na kupumua tu. Hiyo moja. Ya pili, unalala?"

"Naamka mara tatu, mara nne. Nakohoa."

"Kila siku?"

"Karibu kila siku."

"Kwa miaka kumi na mingapi sijui. Mtu asiyelala hashiki jambo, awe na pumu asiwe nayo. Ya tatu." Alishusha sauti. "Hii ya tatu wataalamu bado wanaichunguza, usiende kuitangaza kanisani. Pumu ni uvimbe wa njia za hewa. Uvimbe ukikaa mwilini muda mrefu, huenda habari zake zinafika hadi kichwani. Kule kuna kemikali zinazopeleka ujumbe kutoka mahali hadi mahali, za kukumbuka, za kutulia, za kufurahi. Huenda nazo zinavurugika. Huenda. Kuna wenye pumu wanaofundisha chuo kikuu, haikuwagusa kabisa. Lakini wapo waliopimwa wakaonekana kumbukumbu yao imeyumba, hasa ambao pumu yao haijatulizwa."

"Kwa hiyo mimi si..."

"Wewe una ugonjwa ambao haujatibiwa. Hilo ndilo ninalolijua. Mengine tutayaona ukitibiwa."

Alinipa pampu nyingine, ya kahawia. Akasema ile si ya kungoja kufa, ni ya kila siku, asubuhi na jioni, hata siku ninayojiona mzima, kisha nisukutue mdomo kwa maji. Ya bluu ni ya kifua kinapobana, au robo saa kabla ya kupanda mlima. Akaniuliza ninalala wapi. Nilimwambia jikoni, karibu na moto, kwa sababu ya kifua, ili nisipate baridi. Hadija alifunga macho.

"Jikoni, kwenye moshi, kwa sababu ya kifua," alisema. "Nani tena, kila mtu?"

Usiku huohuo nilihamisha kitanda. Mama alisimama mlangoni akiwa na blanketi mikononi, akisema baridi ya Juni itaniua. Nilimwambia basi nife nikiwa napumua. Ilimchekesha, ingawa hakutaka kucheka, na akanipa blanketi lake.

Siku kumi za kwanza sikuona kitu. Ya kumi na mbili nililala nikaamka kumekucha. Nililala pale nikishangaa kwa nini jogoo wanawika mapema hivi, kumbe hawakuwa wamewahi. Mimi ndiye niliyechelewa. Chumvi ilikaa sawa siku nne mfululizo. Nilikuwa na daftari la zamani la shule. Nikaanza kuandika kila asubuhi: kifua kizuri, kifua kibaya, na mbele yake nilichosahau. Ukurasa wa kifua kizuri ulikuwa mweupe kuliko ule mwingine. Sikuwa mtu mwingine. Bado niliweza kusahau jembe shambani kama wanavyosahau watu. Lakini nilianza kujiuliza jambo lililonitia hasira: ni mambo mangapi niliyowahi kuyajua, nikayakana mwenyewe, kwa sababu niliambiwa kichwa changu si cha kuaminiwa?

Hasira ile sikuipoza. Nilikwenda nayo mpaka siku ya baraza.

Safari hii watu walikuwa wengi zaidi. Wengine walikuja kabisa kwa ajili ya kucheka, niliwaona. Kijitoni, kabla ya kuanza, nilitoa pampu ya bluu kwenye pindo la kitenge changu. Nilikuwa sijawahi kuitumia mbele ya watu. Mama aliangalia pembeni. Nilitikisa, nikatoa pumzi, nikavuta, nikashika pumzi, nikaachia. Nikavuta tena. Mikono ilianza kutetemeka kidogo, Hadija alikwishaniambia itatetemeka, ni dawa.

"Haya, sasa anavuta bangi mbele ya baraza," alisema baba mdogo Clemence, na waliokuja kucheka wakapata walichofuata.

Sikuondoka. Nilikaa juu ya jiwe.

"Tunangoja nini?" Mwalimu Nikodemo aliuliza.

"Tunangoja robo saa, Mwalimu."

"Kwa nini?"

"Dawa ifike."

Walingoja. Sijui kwa nini walingoja. Nafikiri ni kwa sababu hawakuwahi kunisikia nikiwaambia watu wazima wangoje. Mama Paskalina alikaa kwenye jiwe lingine, akalegeza nguo kiunoni, akasema hata yeye alikuwa anahitaji mtu wa kusema tungoje.

Kisha nikaanza. Alama ya kwanza nilitaja, nikasimama. Nilihesabu pumzi kumi. Alama ya pili nilitaja, nikasimama.

"Shahidi anasimama," alisema baba mdogo Clemence kwa sauti. "Mwenyekiti, umeona. Anasimama."

Mwalimu Nikodemo alinisogelea, akiegemea fimbo. "Yunis, kanuni unaijua?"

"Naijua, Mwalimu."

"Shahidi hasimami."

"Nimesikia. Mimi nitasimama."

Watu wakanong'ona. Alikunja uso, si kwa hasira, bali kama alivyokuwa akikunja zamani mtu akimpa jibu asilolitegemea. "Ukisimama wanasema unatunga."

"Mara ya kwanza sikusimama, wakasema mjinga." Sauti yangu ilikuwa inatetemeka kama mikono, lakini ilikuwa inatoka. "Mimi nina pumu, Mwalimu. Nikipanda bila kusimama hewa inaisha, na hewa ikiisha maneno yanaondoka. Ukitaka kujua kama naweza kupanda mlima mbio, ninakuambia mapema siwezi, tusichoshane. Ukitaka kujua mpaka, uniache nisimame."

"Mimi na goti hili," alisema mama Paskalina kutoka nyuma, "ningekuwa shahidi tungefika juu Krismasi. Na mipaka yangu yote naijua. Mwache mtoto asimame."

Mwalimu Nikodemo aliangalia wajumbe. Wawili walitikisa kichwa kukubali, mmoja alikataa, wengine waliangalia viatu vyao. Akaniangalia tena. "Endelea," alisema. "Tutaandika kwamba ulisimama."

"Andika pia kwa nini."

Aliandika. Nilimwona akiandika.

Alama ya tatu. Kusimama. Alama ya nne, pale jina liliponifutikia, nilisimama kabla sijaifikia, nikangoja filimbi ipungue, na jina likaja lenyewe bila kutafutwa. Nililitaja. Kutoka pale mpaka unapinda kushoto, juu ya chemchemi. Nilipinda. Hatua ishirini na tatu, na alama ya tano iko upande wa juu wa maji, mashina ya masale.

Hayakuwepo.

Palikuwa na udongo uliotifuliwa vizuri, na viazi vimeota mistari minne, majani yake yanang'aa. Nilipiga goti nikachimbua kwa vidole. Hapakuwa na mzizi wala kisiki.

"Haya," alisema baba mdogo Clemence. Sasa alisema polepole, kama mtu anayemsikitikia mgonjwa. "Pumzi amepewa, dawa amevuta, amesimama anavyotaka. Masale yako wapi? Hakuna. Yako kichwani mwake. Ndugu zangu, sisi tunamjua huyu binti tangu mdogo. Hana ubaya. Anaona vitu."

Mwalimu Nikodemo aliuliza, "Yunis, alama hii, nani mwingine aliiona ikipandwa?"

Niligeuka nikamtazama mama. Mama hakuwepo siku ile. Alama ya sita ilikuwa inaonekana kule juu, kwenye miwati, lakini kutoka ya nne kwenda ya sita unaweza kunyoosha mstari ukaiacha chemchemi nje, na hivyo ndivyo alivyotaka. Wajumbe walianza kuangaliana. Mmoja alikuwa amekwisha kufunga daftari lake.

Siku ile ya babu ina sehemu ambayo sikuwahi kumwambia mtu yeyote, hata mama. Nilikuwa nayo miaka kumi na minne. Mara nyingi niliiona waziwazi, nikajiambia nimeota, au nimechanganya siku mbili, kwa sababu aliyekuwa ndani yake mwenyewe alikuwa akiikana kwa uso mkavu, naye ni mtu mzima, amesoma mpaka kidato cha nne, na mimi ni yule asiyeshika kitu. Tena ni baba yangu mdogo. Mtoto hamfanyi baba yake mdogo mwongo mbele za watu.

Nilisikiliza kifua. Kilikuwa kimya. Nilitoa pumzi, nikavuta nyingine, nikaiangalia ile siku yote, mwanzo mpaka mwisho, na haikufutika. Nikasimama, udongo bado mikononi, nikamwangalia usoni.

"Wewe uliiona, baba mdogo. Ulikuwepo. Babu alinishika sikio, wewe ulishika jembe. Ulikuwa na shati la shule, na hukuwa na viatu. Shina la hapa ulilipanda kichwa chini, babu akacheka mpaka akakaa, akakwambia uling'oe ulipande upya. Ukalipanda upya. Ukakanyaga udongo kwa kisigino, ukaniambia, 'Wewe ukija kusahau, nitakukumbusha mimi.' Sijasahau, baba mdogo."